Mawe ya Kukanyagia

Huku kwetu Babati mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, udongo mweusi wa bondeni hugeuka utelezi, na aendaye bustanini kuchuma mchicha hurudi na tope zito miguuni. Kwa ajili hiyo tuliazimu kutandika mawe ya kukanyagia, tangu mlango wa jiko hata kwenye matuta ya mboga na pipa la maji.

Tulishuka mtoni. Maji huyaviringisha mawe miaka mingi hata yawe mviringo na laini, nasi tukachagua yaliyopendeza macho, tukayaweka juu ya udongo kwa kadiri ya hatua zetu wenyewe. Majirani walisifu, nasi, tukiri kweli, tulijivuna.

Baada ya mvua ya tatu, mama yetu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea, alitoka alfajiri na ndoo. Jiwe la nne lilikuwa mbali na la tatu, tena limelowa. Akanyosha mguu, jiwe likapinduka, akaanguka akavunjika mkono. Alipokwisha kufungwa gango hakutulaumu, ila alisema, "Mwanangu, mawe yale uliyapangia wageni."

Neno hilo lilituchoma. Tukayang'oa yote, tukaanza upya, naye akawa mwalimu wetu.

Kwanza, jiwe liwe bapa, na uso wake uwe wa kukwaruza. Limwagie maji, ulikanyage kwa mguu mtupu, likiteleza, liache. Pili, liwe pana kupita unyayo, na unene wake upate inchi mbili au zaidi, lisije likavunjika. Tatu, udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao hulisukuma jiwe. Basi chimba, tia changarawe na mchanga, shindilia, ndipo ulilaze jiwe, uso wake ulingane na ardhi, mtu asijikwae. Simama ukingoni mwake. Likitikisika, litoe ulitandike tena. Nne, usipime nafasi kwa hatua yako. Mwite mwenye hatua fupi kuliko wote nyumbani, atembee kama desturi yake, nawe utie alama kila unyayo wake uangukapo.

Mawe yafaayo hayakuwa mbali: tuliyapata mpakani mwa shamba letu, tulikokuwa tukiyatupa wakati wa kulima. Walakini mawe yaliyopangwa mteremkoni kuzuia maji msiyaguse, hata yakiwa bapa namna gani. Sisi tuliosikia kilio cha Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu wengi, twajua maji ya mlimani si ya kuchezewa.

Mkono wa mama umepona. Kila ajapo kwetu huchukua ndoo yake na kwenda pipani pasipo kutazama chini, nasi twamtazama kutoka dirishani na kumshukuru Mungu. Majirani hawayasifu tena mawe yetu, maana ni ya rangi ya majivu na hayang'ai. Lakini tumejifunza ya kuwa atengenezaye njia yampasa kuanza na mguu ulio dhaifu kuliko yote. Ukipita huo salama, wenye nguvu hawatakosa kupita.