Usikimbilie Shokomzoba

Msomaji, umewahi kuendesha gari ambalo mbele linakwenda Naivasha na nyuma linataka kurudi Nairobi? Langu la mtumba, la kupanda milima, lilinitenda hivyo kwenye mteremko wa Mai Mahiu, watoto wakiwa ndani. Kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta, nyuma ilivutika kando.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Shokomzoba zimekufa, bosi." Nikanunua mpya. Gari likayumba vile vile.

Mzee mmoja wa jua kali akaniuliza, "Kijana, ulilibonyeza kabla ya kununua?" Sikuwa nimelibonyeza. Akanifundisha. Pima kwanza upepo wa tairi. Kisha bonyeza kona ya nyuma kwa nguvu, uachilie. Likiendelea kudunda, shokomzoba zimekwisha; likitulia mara moja, tafuta kwingine.

Akaingia uvunguni na mtaimbo, akaisukuma mikono ya chuma inayoshika ekseli. Mpira wa bushi ulikuwa umepasuka, kwa hiyo ekseli ilihama kila nilipopunguza mafuta. Tulipobadilisha bushi, gari likanyooka.

Basi ndugu msomaji, fundi asiyechafua nguo zake asikuuzie spea. Mwambie akuonyeshe kinachocheza, kabla hujawapakia watoto.