Baba Hakuwa ku Karatasi

Miye ninakaa mu Kenya, hapa Lubumbashi, karibu na soko. Ninataka kuwaeleza jambo lililonipata mu vakansi.

Tulikuwa vijana wanne, tukapewa kazi ya kuhesabu magari ku njia ya Kasumbalesa. Toka hapa kufika kule, kwa mpaka wa Zambia, ni kilometa karibu 90, na makamio ya shaba yanapita humo kila siku. Karatasi yetu ilikuwa na mistari: moto, taksi, taksibisi, kamio ya esie mbili, ya tatu, ya tano. Esie ni kile chuma kinachounga gurudumu la kuume na la kushoto. Mstari wa kinga haukuwako.

Siku ya tatu, asubuhi, watu wa makala wakafika wakisukuma kinga zao. Kati yao nikamuona baba, na mifuko mitatu, jasho tupu. Wenzangu walikuwa wakiwacheka. Nikainamisha kichwa, nikajidai kuandika. Baba akapita bila kuniita.

Masomo yalipoanza, mwalimu wa fizika akatueleza kwamba kuna mashini ya kazi ile. Wanalaza tiyo mbili za mpira kukingama njia. Gurudumu likikanyaga, hewa inasukumwa mpaka ku kisanduku, nacho kinashika saa. Kwa sababu nafasi kati ya tiyo inajulikana, kinapata mbio ya gari, kisha urefu toka esie moja hata nyingine. Hivi kinajua kama ni taksi ao kamio. Kwa nini kujali esie? Majaribio ya Ottawa, Illinois, kule Marekani, toka 1958 mpaka 1960, yalionyesha kwamba esie ya tani 10 inaharibu njia karibu mara 16 kupita ya tani 5.

Nikauliza: “Na kinga?”

Akajibu: “Mara nyingi ni nyepesi, tiyo haiisikii.”

Nikanyamaza. Mashini haina kosa, haikusikia. Lakini miye niliona.

Jioni nikamwambia baba yote. Akasema tu: “Nilikuonaka. Ulikuwa mu kazi.” Jumamosi tukasukuma pamoja mpaka ku soko, mbele ya watu wote.

Minervali yangu inatoka mu ile makala. Ndugu mwanafunzi, yako inatoka wapi? Ukimkuta mzazi wako ku njia, umuite.