Hina, Shabu na Ushahidi wa Rangi



Mwaka jana dada yetu, mkaazi wa hapa Manda, alihisi uvimbe katika titi lake. Aliuficha miezi miwili kwa kuona haya, kisha akamweleza wifi yake, naye akatueleza sisi. Tukavuka kwa mashua hadi Lamu, na huko kikatolewa kijipande cha uvimbe, kikapelekwa Mombasa kupimwa. Majibu tuliyangoja siku ishirini.

Katika siku hizo palikuwa na harusi mtaani. Dada yetu alitiwa hina, akaitazama mikono yake, akauliza: "Kaka, huko maabara wanauonaje ugonjwa ndani ya kijipande kile?" Hatukuwa na jibu. Tukamwendea mtaalamu mmoja wa maabara, naye akatufunza.

Nyama ya mwili ikikatwa nyembamba kuliko karatasi, chini ya hadubini haionyeshi kitu. Sharti itiwe rangi. Rangi inayotegemewa mno kwa kazi hiyo, tangu karne ya 19 hadi leo, ni himatoksilini, nayo hutolewa katika kiini cha mti wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Peke yake haishiki vyema; huchanganywa na chumvi ya madini, aghalabu shabu, ile ile tuijuayo majumbani. Hapo viini vya chembe za mwili hugeuka rangi ya buluu au zambarau, na daktari akatambua zilizoharibika.

Pwani yetu nayo si ngeni katika jambo hili. Katika karne hiyo ya 19 marere, yaotayo kama ndevu za kijivu katika matawi ya miti, yalisafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Ulaya kutolewa rangi ya zambarau. Katika jamii ya marere ndimo ilimopatikana orseini, rangi nyengine ya maabara.

Kwa hivyo kuiwazia hina si mzaha. Wataalamu, wakiwemo wa Nigeria, wamejaribu kutia rangi vipande vya nyama kwa hina na kwa rozela. Hoja zao zina uzito: rangi za kuagizwa ng'ambo ni ghali, na baadhi ya zile za viwandani zina sumu. Lakini majani hutofautiana kwa ardhi na kwa msimu, na maji yake yakikaa huharibika.

Hapo tulikumbuka darasa za fiqhi. Kadhi hamkubali shahidi kwa kuwa ni mtu wa kwao. Huutazama kwanza uadilifu wake. Rangi nayo ni shahidi juu ya mwili wa mwanamke. Ikisema uongo, titi zima litakatwa, au lenye maradhi litaachwa. Basi hina tusiipitishe kwa kuwa ni yetu, wala tusiidharau kwa kuwa ni yetu. Ipimwe sambamba na himatoksilini, tena na tena, hadi ukweli wake uthibiti.

Uvimbe wa dada yetu haukuwa saratani, alhamdulillahi. Ila ile miezi miwili ya kuficha ingali ikitutia hofu. Enyi mama zetu, dada zetu na binti zetu, hakuna rangi, ya Mexico wala ya Lamu, iwezayo kutoa ushahidi juu ya uvimbe uliofichwa ndani ya buibui. Semeni mapema, na enyi waume, sikilizeni.

Wabillahi tawfiq.