Robo Saa Kabla ya Visu Kuzunguka

Hapa Lexington, Kentucky, nyasi huanza kukatwa Machi ikielekea ukingoni na kazi haipoi mpaka Novemba. Mji umezungukwa na mashamba ya farasi, na ndani yake kuna vyuo, makanisa yenye viwanja vipana, hospitali na kingo za barabara zisizokwisha, na vyote vinatakiwa viwe nadhifu wiki hadi wiki. Kwenye magari ya kampuni za kutunza viwanja utasikia Kiswahili, maana ndugu zetu kutoka mashariki ya Kongo wamehamia huku kwa wingi. Mimi natoka Morogoro. Naandika haya kwa sababu mashine ninayoiendesha huku nimeanza kuikuta nyumbani pia, kwenye hoteli, shule kubwa na viwanja vya gofu, na namna inavyotumika inanitia hofu.

Kwa asiyeifahamu, ni mashine ya kukatia nyasi ambayo dereva anakaa juu yake. Ile ya kibiashara, inayokata upana wa sentimita 150 hivi kwa mpito mmoja, ina uzito unaozidi nusu tani. Haina usukani. Ina mikono miwili ya chuma: wa kulia unaendesha tairi la nyuma la kulia, wa kushoto unaendesha la kushoto. Sukuma mmoja mbele, vuta mwingine nyuma, mashine inageuka pale pale iliposimama. Huku tunaiita ziroteni. Ilizaliwa Hesston, jimbo la Kansas, miaka ya 1960, kutokana na ubunifu wa John Regier. Chini ya miguu ya dereva kuna kava la chuma lenye visu vitatu, na ncha za visu hivyo hukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Jiwe dogo likiguswa na ncha hiyo linatoka kama risasi, na halichagui linakokwenda.

Kiongozi wa kikosi chetu ni mzee wa Uvira, huko Kongo, sote tunamwita Papa. Asubuhi hakuna anayegusa ufunguo kabla Papa hajaona geji ya upepo mkononi mwa dereva. Tairi zikitofautiana upepo, kava lote linalala upande mmoja, na kisu cha upande huo kinachimba udongo na kutafuta mawe. Kwa hiyo upepo hupimwa kwanza, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, ndipo kava lipimwe. Mashine inasimamishwa kwenye sakafu tambarare, breki ya kuegesha imefungwa, ufunguo umetolewa, waya wa plagi umechomolewa. Dereva anavaa glavu nene, anageuza kisu kwa mkono na kupima kutoka ncha yake hadi sakafuni, kulia na kushoto. Pande hizo mbili zinapaswa kulingana. Mbele huachwa chini kidogo kuliko nyuma, milimita 3 hadi 6, ili nyasi zikatwe mara moja, zisisagwe tena na kisu kinaporudi nyuma. Mengine ni ya haraka: oili, hewa ya injini, mikanda, bolti za visu, mafuta. Petroli hutiwa injini ikiwa baridi, na dumu huwekwa chini ardhini, kamwe si juu ya plastiki ya nyuma ya pikapu, kwa sababu umeme tuli unaojikusanya pale unatosha kutoa cheche.

Kisha inakuja hatua ambayo kwangu ndiyo roho ya shughuli nzima. Mashine hizi zina swichi za kumlinda dereva. Injini haikubali kuwaka kama breki ya kuegesha haijafungwa, au swichi ya njano ya visu imeachwa juu, au mikono ya kuendeshea haijafunguliwa kando. Ndani ya kiti mna swichi nyingine inayojua kama kuna mtu amekaa. Kila asubuhi tunaijaribu: unawasha, unaruhusu visu vizunguke uwanjani pasipo mtu karibu, unajiinua kidogo kwenye kiti. Injini inapaswa kuzima. Isipozima, mashine hiyo haitoki siku hiyo, na Papa anaandika kwenye daftari. Nimemwona akiirudisha mashine yadi siku ambayo tulikuwa na viwanja vingi na bosi alikuwa kwenye simu akilalamika. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa upole kwamba mashine itatoka fundi akimaliza.

Nisiwadanganye kwamba huku wote wako hivyo. Kuna vikosi vidogo vinavyolipwa kwa idadi ya nyumba, na mtu anayekimbiza idadi hana subira na geji. Kampuni yetu inakagua kila siku kwa sababu ukaguzi ule wa asubuhi, wa robo saa, unahesabiwa kuwa kazi na unalipwa. Ungekuwa wa bure, nina hakika nusu yetu tungeuruka kabla wiki haijaisha. Hili wenye mashine nyumbani walishike: ukimlipa dereva kwa ukubwa wa eneo alilofyeka tu, umemlipa aache ukaguzi.

Nilipokuwa likizo nyumbani nilipita kwenye eneo moja kubwa lenye bustani, nikaikuta ziroteni ya mtumba iliyoletwa kwa kontena. Aliyekuwa akiiendesha ni kijana mwenye bidii, amevaa ndala, hana kizuia sauti masikioni. Aliponiona naiangalia mashine kwa makini aliizima, akanisalimia, akanikaribisha kwa furaha ya mtu anayejivunia chombo chake. Nikamwomba anifunulie kiti. Waya mbili za swichi zilikuwa zimekatwa, zikaunganishwa na kuzungushiwa selotepu nyeusi.

"Ilikuwa inatusumbua, kaka," akaniambia. "Ukipita kwenye shimo inazima. Fundi akaiunga, sasa haizimi ng'o."

Haizimi ng'o, maana yake kijana akirushwa kitini, visu vinaendelea kuzunguka na mashine inaendelea kwenda. Upande wa kulia, lile bamba la plastiki linaloinamisha nyasi zinapotoka lilikuwa limeng'olewa, kwa maelezo kwamba nyasi ndefu zilikuwa zinakwama. Bamba lile ndilo linalopeleka mawe chini ardhini badala ya usawa wa magoti na macho ya watu. Hatua chache kutoka pale ilipita njia ya wanafunzi.

Simlaumu kijana, na fundi naye namlaumu kwa kiasi. Swichi ya kiti ni kifaa cha bei ndogo, lakini huchakaa kwa vumbi na maji, na nyumbani huipati dukani. Fundi amewekewa mashine mbele yake, mwenyewe anataka iwake leo, na kitabu cha maelekezo kilibaki Marekani au Japani pamoja na mwenye mashine wa kwanza. Akafanya alichoweza. Aliyekosea ni aliyenunua mashine kwa mamilioni akaona kitabu, vipuri na mafunzo si sehemu ya bei.

Wala tusiseme sheria haipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri azifungie kinga sehemu hatari za mashine na amfundishe anayeitumia. Mkaguzi, hata hivyo, hawezi kusimama kwenye kila uwanja wa nyasi. Anayeweza kusimama pale ni mwenye eneo.

Nije kwenye miteremko, maana hapo ndipo watu hufa. Tairi za mbele za ziroteni ni za kufuata tu, zinajizungusha zinakovutwa. Kuongoza na kusimama kote kunategemea tairi mbili za nyuma. Tairi moja ikiteleza kwenye nyasi zenye umande, dereva amepoteza uwezo wa kuongoza na wa kusimama kwa pamoja. Ndiyo sababu vitabu vya mashine nyingi vinakataza mteremko unaozidi nyuzi 15, na vingine vinataka pungufu ya hapo. Kupima ni rahisi: chukua fimbo ya mita 1, gusisha ncha moja kwenye mteremko kwa juu, ilaze usawa kabisa kuelekea bondeni, kisha pima kutoka ncha iliyoning'inia hadi chini. Ukipata sentimita 27, umefika nyuzi 15. Karibu na ukuta wa kuzuia udongo, mtaro au bwawa, tunaacha nafasi ya angalau upana wa mashine mbili. Hapa Marekani madereva wameuawa na mashine zilizoporomokea kwenye mabwawa ya maji ya mvua, zikawageukia na kuwakandamiza majini. Nyuma ya kiti kuna upinde wa chuma unaomkinga dereva mashine ikipinduka, nao unafanya kazi ukiwa umesimama na mkanda umefungwa. Ukilazimika kuukunja kupita chini ya matawi, fungua mkanda, kwa sababu bila upinde ni afadhali urushwe mbali kuliko ufungiwe chini ya mzigo ule.

Kwenye miteremko hiyo nyumbani tunayo njia bora, nasi tunaanza kuiacha kwa kuona ni ya kizamani. Fyekeo. Mtu wa Morogoro anajua kufyeka ukingo wa korongo akiwa amesimama imara kwa miguu yake, na fyekeo halimpindukii mtu. Huku kwenye kingo kali tunashuka kwenye mashine na kutumia ile ya kubeba begani, kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye eneo lenye vilima, mathalani chini ya Uluguru au kule Lushoto, agawe kazi: tambarare aipe mashine, mteremko na kingo za mitaro awaachie wenye mafyekeo, na awalipe vizuri. Masika, nyasi zikiwa zimeloa, hata tambarare isubiri jua.

Jambo jingine ambalo nyumbani tulilijua zamani ni kupita uwanjani kwa miguu. Shuleni kwetu hakuna aliyeinua fyekeo kabla uwanja haujaokotwa. Wadogo walitangulia kukusanya mawe, vijiti na chupa, wakubwa wakafuata na kupangwa mbalimbali, kila mmoja akiwa nje ya mkono wa mwenzake. Huku tunafanya vilevile kabla ya kila kiwanja: mtu mmoja anatembea na ndoo, anaokota, anaweka kibendera kwenye bomba la maji na kisiki. Papa husema, "Tembea kwanza, kisha panda." Kinachonishangaza nyumbani ni kwamba mashine ilipofika, kuokota kukaachwa, kana kwamba injini inaona. Fyekeo likigonga jiwe linapinda. Kisu cha mashine kikigonga jiwe, kuna mtu upande wa pili.

Kupandisha kwenye trela nako kuna maafa yake. Vijana hutumia mbao mbili na kuipanda mbio. Njia salama ni rampu moja pana kama mashine, yenye urefu wa angalau mara nne ya kimo cha trela. Panda kinyumenyume, shuka ukitazama mbele, polepole, visu vimezimwa na hakuna aliyesimama chini. Uzito mkubwa uko nyuma, na ukiipandisha kwa mbele inaweza kuinua pua na kukulalia.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa AFCON kwa pamoja, na viwanja vya mazoezi vinatengenezwa na kukarabatiwa. Nyasi za uwanja wa mechi wenyewe hukatwa kwa mashine za silinda, lakini maeneo ya kuzunguka, hoteli na kambi za timu yataziita ziroteni nyingi, na nyingi zitakuwa mitumba. Sisi tulio nje ndio tutakaoulizwa bei na kutumwa kuzitafuta.

Basi ukitumwa, kabla hujalipa, keti kwenye kiti, washa, ruhusu visu vizunguke pasipo mtu karibu, jiinue kidogo. Kama haizimi, tazama chini ya kiti kama waya zimeungwa, na ulipe pungufu ili ununue swichi mpya. Hakikisha bamba la pembeni lipo na linarudi chini lenyewe ukiliinua. Angalia upinde na mkanda. Nakili namba ya muundo, tafuta kitabu cha maelekezo kwenye tovuti ya watengenezaji, kichapishe, na kurasa za usalama zitafsiri wewe mwenyewe kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, ziwekwe kwenye plastiki na kutundikwa stoo ya mashine. Ndani ya kontena tia swichi za akiba, seti mbili za visu, geji ya upepo, buti na vikinga masikio vya dereva. Halafu mpigie simu mwenye mashine kabla haijashuka bandarini, umuulize nani ataiendesha, ana umri gani, na kama robo saa ya kukagua asubuhi itakuwa ndani ya mshahara wake. Asipokuwa na jibu la swali hilo la mwisho, mwambie asubiri kuitoa bandarini mpaka alipate.