Gobore la Babu

Babu alipofariki alituachia shamba la tumbaku, ng'ombe wanane na gobore moja. Shamba na ng'ombe viligawanywa kwa siku moja. Gobore lilituchukua wiki nzima.

Kwetu Sikonge hakuna anayeshangaa gobore. Karne ya 19 Mtemi Mirambo alijenga dola yake kwa mitutu ya kushindilia kama hiyo. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ila ukaacha mlango wazi kwa gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake, silaha iliyokwishapitwa na wakati ndiyo iliyobaki mikononi mwa wazee wetu.

Baba mdogo alitaka lipigwe mara moja siku ya kuanua matanga, mzee asindikizwe kama mwindaji. Nilimwelewa. Lakini leseni ilikuwa ya babu, haikuwa ya ukoo. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 haihesabu kuwa silaha bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo. Hapa kwetu uzee hauna msamaha: gobore linaua, kwa hiyo ni silaha, na asiye na leseni hana ruhusa ya kulishika, sembuse kulipiga.

"Mwanangu, si baruti tu hiyo?" aliniuliza.

Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti cha unga, kwa kawaida mafungu 75, 15 na 10. Masizi yake hunyonya unyevu na kula chuma, hivyo gobore lisilooshwa kwa maji ya moto huoza kwa ndani huku nje likimeremeta. Ukilitia baruti ya risasi za kisasa, mtutu unapasuka usoni pako. Hata kwa baruti yake yenyewe, goroli isiposhindiliwa mpaka iguse baruti, hatari ni ileile.

Nikamwomba jambo moja tu: tulipime. Tulihakikisha halina fataki, tukauelekeza mdomo wake porini, watoto wakaondolewa. Baba mdogo aliingiza mdeki taratibu, akaushika kwa kidole usawa wa mdomo, akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Mtutu ukiwa mtupu, ncha ya mdeki hufika karibu na tundu la fataki. Hii iliishia vidole vinne kabla.

Lilikuwa limeshindiliwa. Miaka yote hiyo lilining'inia juu ya kitanda walicholala wajukuu.

Baada ya mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000. Nyingi zilikuwa bado zimeshindiliwa, na maelfu mara mbili au zaidi. Wale walikuwa askari vijana. Babu alikuwa na miaka themanini na tisa.

Hatukulibeba. Tulimwita mtendaji wa kijiji, naye akawaita polisi, wakalichukua na kuliandika. Siku ya matanga zilipigwa ngoma tu.

Baba mdogo hakunisemesha kwa siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza fomu za kuomba leseni zinapatikana wapi.