Theluji ya Maine na Njia za Changarawe

Jimbo la Maine liko pembeni kabisa, kaskazini mashariki ya Marekani, limepakana na Kanada, na zaidi ya sehemu nane katika kumi za ardhi yake ni misitu. Theluji ya huko huweza kuanza mwezi wa Novemba, na mwezi wa Aprili bado mtu aweza kuamka akaikuta mlangoni. Mji wa Portland, ulio pwani, hupata kwa wastani zaidi ya inchi 60 kwa mwaka, na kila uendapo bara huzidi.

Watu wetu wako huko. Mji wa Lewiston, uliokua kwa viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin na zamani ukajaa Wafaransa wa Kanada, tangu mwaka 2001 umepokea Wasomali wengi, na baada yao Wabantu wa Somalia. Kisha wakaja watu wa Kongo, Rwanda na Burundi, hata leo si ajabu kusikia Kiswahili dukani. Sisi tulishukia nje ya mji, kwa jamaa zetu waliohamia shamba ili watoto wao wapate nafasi ya kukimbia. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe, nasi tulipewa sepetu ya theluji siku ya pili. Lakini sepetu ni ya ngazi na kizingiti tu. Kutoka barabara kuu mpaka mlango wa nyumba ile ni hatua mia moja na ishirini, na njia yenyewe haina lami. Ni changarawe iliyoshindiliwa, mfano wa barabara zetu za moramu.

Njia hiyo ikizibwa, jambo si la kucheka. Nyumba nyingi za Maine hupashwa moto kwa mafuta yaletwayo na lori, na lori halipiti penye theluji ya magotini. Watoto hawafiki kwenye basi la shule. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari la wagonjwa litasimama barabarani na yeye abebwe mikononi. Kwa hiyo mtu wa shamba ama humlipa mwenye plau aje kila theluji ianguapo, ama hununua plau yake akaifunga mbele ya pikapu. Plau hii hailimi. Ni bamba la chuma lililopinda, lenye makali chini, hupandishwa na kushushwa kwa mafuta ya presha, na dereva huligeuza kulia au kushoto akiwa amekaa kitini.

Mwenyeji wetu alikuwa katika shauri la kununua, nasi tukafuatana naye kwa mafundi na kwa mzee jirani, mkulima aliyesukuma theluji tangu ujana wake. Tulidhani mzee ataanza na ukubwa wa plau. Yeye alianza na mlango wa gari. Akaufungua, akatuonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni, iliyoandikwa uzito ambao ekseli ya mbele yaweza kuubeba. Plau nyepesi za kazi ya nyumbani zina kilo 150 hadi 200, na zile za kazi nzito hupita 300. Tena uzito huo hauko juu ya ekseli, bali unaning'inia mbele yake, na kila mtu aliyebeba mzegazega ajua kwamba mzigo wa ncha ya mti ni mzito kuliko ule ulio karibu na bega. Gari lililokusudiwa kazi hii hutoka kiwandani na springi za mbele zenye nguvu zaidi. Ama pikapu ndogo iliyofungwa plau kubwa, pua yake huinama, usukani ukawa mzito, na viungo vya mbele vikaisha kabla ya wakati wake. Nyuma nako hutiwa magunia ya mchanga, mbali kidogo nyuma ya ekseli, yawe farumi, kama mabaharia wetu watiavyo mawe chomboni kisiyumbe.

Kuhusu upana, hesabu yake ni nyepesi lakini wengi huisahau. Bamba la futi 7 na nusu likielekezwa upande, upana wake wa kufagia hupungua ukawa kama futi 6 na nusu. Likiwa fupi zaidi ya hapo, magurudumu ya gari kubwa yatakanyaga theluji ambayo bamba halikuiondoa. Ziko plau za mabawa mawili, zenye umbo la herufi V, nazo hupasua vizuri theluji iliyorundikwa na upepo. Ni nzito na ghali, na twaona kwamba mwenye njia moja ya hatua mia na ishirini hana haja nazo. Vijana wawili wa nyumba ile walizitamani sana. Baba yao akazitazama, akauliza bei, akaenda zake.

Sasa twafika kwenye changarawe yenyewe, kwani hapo ndipo kazi ya Maine inapotengana na kazi ya mjini. Kwenye lami mtu hushusha bamba mpaka chini akakwangua hata aone weusi. Kwenye changarawe akifanya hivyo, huisukuma njia yenyewe pamoja na theluji. Jirani mwingine wa pale alimwajiri kijana aliyezoea viwanja vya lami vya maduka. Theluji ya kwanza ilianguka ardhi ikiwa bado laini, na kijana akaifagia kwa usafi ambao kila mtu aliusifu. Theluji ilipoyeyuka, ukoka wa bustani ulikuwa umetapakaa mawe, na njia ilikuwa mashimo matupu. Jirani huyo akanunua malori mawili ya changarawe kwa mamia ya dola, na reki juu yake.

Kwa hiyo wenye ujuzi huziachia theluji za mwanzo. Huacha kama inchi mbili, gari likapita juu yake mara kwa mara mpaka ikashindiliwa, na baridi ikaigandisha ikawa ngumu kama sakafu. Tangu hapo bamba huteleza juu ya sakafu hiyo, na mawe yako chini yake salama. Njia hubaki nyeupe majira yote, nasi tuliona vijana wakionea haya weupe huo mbele ya wageni. Lakini njia nyeupe isiyo na shimo ni bora kuliko nyeusi iliyochimbika. Ikianza kuteleza, humwagiwa mchanga. Chumvi haifai hapo, kwani huyeyusha ile sakafu na kuifanya matope.

Ili bamba lisichimbe, huwekewa viatu viwili vya chuma, mfano wa sahani ndogo, ambavyo huinua makali nusu inchi au inchi moja kutoka chini. Wengine hubadili makali ya chuma kwa mpira. Na mzee wetu alikuwa na hila yake, ambayo wakulima wengi wa huko waijua: huchukua bomba la urefu wa bamba, akalipasua kwa urefu wake wote, akalivika juu ya makali. Makali yakawa mviringo, yakapanda juu ya mawe badala ya kuyakata. Ziko plau nyingine zenye nguvu ya kulikandamiza bamba chini. Nguvu hiyo kwenye changarawe izimwe, bamba liachwe lipande na kushuka kwa uzito wake tu.

Kazi huanza kabla ya baridi. Mwezi wa Oktoba, ardhi haijaganda, hupigwa vigingi virefu pande zote mbili za njia, kwa sababu theluji ikishaanguka hakuna ajuaye njia iishapo na bustani ianzapo. Kisha mtu asingoje dhoruba iishe. Aondoe inchi nne au tano, apumzike, arudie tena. Mbele ya banda la gari hushusha bamba mlangoni kabisa, akarudi nyuma akiivuta theluji, halafu huigeukia akaisukuma. Kila abadilipo gia kati ya mbele na nyuma, gari lisimame kabisa kwanza. Marundo ya Desemba yasukumwe mbali sana na kingo, maana ya Februari yatataka nafasi, na aliyebana mwanzoni hujikuta mwishoni ana uchochoro. Karibu na rundo bamba huinuliwa kidogo, mawe yaliyofuatana nalo yabaki njiani. Na gari likisafiri barabarani na bamba limeinuliwa juu, upepo haufiki kwenye rejeta, injini hupata moto. Hivyo fundi alituambia bamba ligeuzwe na lishushwe kidogo.

Greda la serikali ya mji lipitapo barabarani huacha tuta zito mlangoni mwa njia ya kila mtu, na hasira za watu wengi huanzia hapo. Wengine hulisukuma tuta lile ng'ambo ya pili. Sheria ya jimbo yakataza kuweka theluji kwenye barabara ya umma na kuiacha hapo, na hata kama isingekataza, ng'ambo ya pili kuna njia ya jirani.

Jambo la watoto tumeliweka pembeni kwa makusudi, tulitaje peke yake. Watoto hupenda kuchimba mapango ndani ya marundo ya theluji, na dereva aliye juu ya pikapu hawaoni. Katika nyumba ile, plau haikuwashwa mpaka mama awahesabu watoto wote ndani, kwa majina. Wala mtu asikae ndani ya gari liungurumalo huku bomba la moshi limefunikwa na theluji. Moshi wake huua kimya kimya.

Mwenyeji wetu hatimaye alinunua plau iliyokwisha tumika, bamba moja la futi 7 na nusu, baada ya fundi kulinganisha uzito wake na ile karatasi ya mlangoni. Bomba la kuvika makali alipewa na mzee bure. Mwezi wa Aprili, sakafu ya barafu ilipoyeyuka, tulikwenda na watoto kuziokota changarawe zilizorukia kwenye ukoka. Zilijaa toroli moja na nusu, tukazimwaga njiani na kuzisawazisha kwa reki, kisha tukang'oa vigingi tukavihifadhi darini.