Walionekana Wanakula Bata Baharini, Kumbe Dada Alishakata Tiketi ya Kurudi Kwao

Picha wengi waliiona. Mrembo kavaa gauni jeupe, kakaa mbele kabisa ya boti, maji ya bluu mpaka yanaonekana kama yamepakwa rangi, nyuma yake kisiwa kidogo chenye minazi isiyozidi kumi. Maneno ya chini ni moja tu: "Nyumbani." Mshkaji wake haonekani, ndiye aliyeshika kamera. Laiki zikamiminika, komenti zikawa zile zile: eti haya ndiyo mapenzi, eti wengine tumezaliwa kulipa kodi ya chumba.

Wiki kama tano kabla ya picha hiyo, huyo huyo dada alikuwa Roatán, kisiwa cha Honduras, begi limefungwa na tiketi ya ndege iko kwenye simu.

Stori inaanzia nyuma kidogo. Kapo hii ni ya Canada. Waliuza gari, wakauza fanicha, wakavunja kibubu, wakanunua boti ya matanga ya futi 36 iliyokuwa imeegeshwa Río Dulce, Guatemala. Río Dulce ni mto, na boti nyingi hufichwa huko msimu wa vimbunga, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba. Wapo wenye boti wanaofika pale wameshachoka na bahari, wanauza bei ya kutupa. Hela ya kununua ilichangwa nusu kwa nusu. Hilo lishike.

Kutoka kwenye mto wenyewe ni kituko. Pale Livingston, mto unapoingia baharini, kuna fungu la mchanga, na hata maji yakijaa kina chake ni kama mita mbili hivi. Mkuku wa boti yao, lile pezi zito la chini, ulizama karibu hizo hizo mbili. Dawa ya pale ni kumlipa mtu mwenye boti ya injini. Anafunga kamba juu ya mlingoti, anakuvuta kwa ubavu mpaka boti inalala upande, mkuku unanyanyuka, halafu mnateleza mbele hivyo hivyo mmeinama. Sahani zilimwagika, sufuria ya maharage ikaishia sakafuni, dada anacheka huku analia. Video ile ndiyo iliyowapa jina.

Ambacho hakiingii kwenye video ni makaratasi. Nchi za Amerika ya Kati zimebanana, siku moja au mbili za upepo mzuri unaweza kuwa umeshabadilisha nchi. Kila ukiingia unapandisha bendera ya njano, kwamba bado hujakaguliwa. Nahodha anashuka na faili kwapani: uhamiaji, forodha, ofisi ya bandari. Ukiondoka unapewa karatasi inaitwa zarpe, ruhusa ya kung'oa nanga, na bandari inayofuata itakuuliza hiyo kabla haijakuuliza habari za safari.

Basi pale Roatán dada kakaa kwenye benchi, joto kali, akachukua zarpe waliyopewa Guatemala ajipepee. Macho yakatua kwenye maandishi. Mwenye boti: jina la mshkaji. Nahodha: mshkaji. Jina lake yeye liko chini, na mbele yake neno moja la Kispaniola, tripulante. Yaani baharia tu, mtu wa kuvuta kamba.

Alimwuliza taratibu. Jibu likaja haraka: "Ni karatasi tu, mpenzi." Eti siku ya kusaini dada alikuwa bado kazini Canada, na kuongeza jina la pili kulikuwa na usumbufu. Inawezekana ni kweli. Lakini mtu aliyetoa nusu ya bei, ambaye hana tena nyumba wala kitanda nchi kavu, humwambii ni karatasi tu. Siku wakiachana, mmoja anabaki na boti, mwingine anabaki na picha.

Usiku ule ndipo akakata tiketi. Asubuhi akagundua jingine. Kwenye orodha ya mabaharia huchomoki kama mtu anayeshuka daladala. Nahodha ndiye anayebeba dhamana ya watu aliokuja nao, kwa hiyo ukitaka kuondoka kwa ndege lazima aende ofisini akutoe kwenye orodha. Hata kumwacha jamaa kunataka saini yake!

Mshkaji akaenda naye. Hakubisha, hakuomba, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Afisa alikuwa ametoka kula, wakasubiri muda mrefu bila kusemeshana. Kisha jamaa akageuza fotokopi moja, akaandika nyuma yake kiasi alichotoa kila mmoja, tarehe, akasaini, akamsogezea. Dada akasoma. Akasema hii haitoshi. Jamaa akatoa simu, akaandika barua pepe kwa ofisi ya usajili wa boti kwao, akamwonyesha kabla ya kutuma.

Hakumsamehe siku ile. Tiketi ilikuwa ya kubadilika tarehe, akaisogeza mwezi mmoja mbele, na akamwambia wazi kwamba ameisogeza tu.

Kutoka Roatán kwenda mashariki upepo unakuja usoni, hivyo watu husubiri siku nyingi mpaka ulegee. Mbele kuna rasi ya Gracias a Dios, mpakani mwa Honduras na Nicaragua, na baharini karibu na hapo kuna maji mafupi ambako boti zimewahi kuvamiwa na wenye silaha. Wengi hupita mbali sana, usiku wamezima taa. Nao walipita hivyo, zamu za saa tatu tatu. Usiku wa pili, saa tisa, mvua na upepo vikaja kwa pamoja. Zamu ilikuwa ya dada. Jamaa alipopanda juu anapepesuka na usingizi, tanga lilishapunguzwa na boti imetulia. Akauliza afanye nini. Akajibiwa: "Kalale."

Wakapumzika Providencia, kisiwa cha Colombia kilichosambaratishwa na kimbunga Iota mwaka 2020, kisha wakashuka mpaka Guna Yala, Panama. Huko visiwa ni zaidi ya 360, na vingi havina mtu, ila ile minazi unayoiona kwenye picha ina wenyewe. Ni ya Waguna. Hata nazi iliyoanguka mchangani huokoti bila ruhusa.

Gauni jeupe lilivaliwa siku ambayo ile tiketi ilikuwa inaisha muda. Ndege iliondoka, dada akiwa amekaa mbele ya boti anapigwa picha.

Usajili mpya ulitoka baadaye, una majina mawili. Na kwenye zarpe iliyofuata, pale kwa nahodha, kuna jina la dada. Jamaa sasa ndiye tripulante, na hachoki kulalamika kwamba zamu ya saa tisa usiku kila siku inamwangukia yeye.